Nilitumwa India kumrudisha mdogo wangu, tukafika nyumbani kwa Narsinh Mehta

Nilitumwa India kumrudisha mdogo wangu nyumbani. Uamuzi ulifanywa na baba na baba wadogo wawili, Jumapili moja jioni hapa Bariadi, na mimi niliitwa kuambiwa, si kuulizwa.

Mdogo wangu anasoma famasia, mwaka wa tatu, katika mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Mwezi Novemba alianguka darasani kwa kifafa. Haikuwa mara ya kwanza. Ile ya kwanza alituficha. Safari hii mwenzake mmoja alimrekodi kwa simu. Video ya sekunde 40 ikaingia kwenye kundi la WhatsApp, ikatoka huko ikaenda kwingine, na wiki haijaisha ikawa imeshafika Bariadi. Mama alioneshwa sokoni na mtu ambaye hakujua kuwa anamwonesha mzazi wa kijana.

Vijana wawili waliopanga naye chumba kimoja wakahama. Naye akaacha kupiga simu. Tukipiga, inaita mpaka inakata, kisha usiku unaingia ujumbe mfupi: "Nipo, msiwe na wasiwasi." Ng'ombe 14 na pamba ya misimu miwili vilikwenda kwenye ada yake. Baba akasema haidhuru, ng'ombe wanazaliwa. Mtoto arudi, kuna mtu wilayani Itilima anatibu ugonjwa wa kuanguka na ameshaongea naye. Mimi ndiye mwandishi wa habari za afya, tena ndiye mwenye pasipoti, kwa hiyo ndiye wa kwenda.

Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Mbele ya baba wadogo mtoto wa kike habishani. Usiku mama akanifuata chumbani, akafungua pindo la khanga, akanipa noti zilizokunjwa mara nne.

"Kamwangalie kwanza," akasema. Hakuongeza neno.

Kabla ya kuondoka nilipita dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vipuri vya pikipiki na mashine za kusaga. Ni mzaliwa wa huku, na Kisukuma chake kinanishinda mimi. Ukiingia asubuhi unaitikia "mwangaluka" kabla hujataja shida iliyokuleta. Babu yake alikuja kwa sababu ya pamba, kama Wagujarati wengi walioingia Kanda ya Ziwa enzi zile vinu vya kuchambulia pamba vilipokuwa mikononi mwa Wahindi, kabla wakulima hawajajiunga kwenye vyama vya ushirika na kuunda shirikisho lao la Victoria mwaka 1955. Aliposikia naenda Rajkot aliacha kuhesabu boliti.

"Mwanangu, kutoka Rajkot mpaka Junagadh ni kama kilomita 100 tu. Ndiko alikotoka babu yangu. Mimi sijawahi kufika, na sasa magoti haya hayanifikishi popote. Nenda mahali panaitwa Narsinh Mehta no Choro, unipigie picha."

Nikamuuliza huyo Narsinh Mehta ni nani. Akavuta stuli, akaniambia nikae, na wateja wawili walisubiri mpaka wakachoka.

Narsinh Mehta aliishi karne ya 15. Wagujarati wanamwita mshairi wa kwanza wa lugha yao, na Wahindu wanamheshimu kama mtakatifu. Inasemekana alizaliwa Talaja, upande wa mashariki wa rasi hiyo hiyo, akafiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake. Masimulizi yanasema hakuweza kusema neno mpaka alipofika miaka minane. Baadaye akaishi Junagadh kwa kaka yake, akasemwa na shemeji yake kwamba ni mtu wa kula bure, akaondoka, na aliporudi alikuwa mtu wa kuimba tu. Wimbo wake mmoja, Vaishnav Jan To, ndio Gandhi alioupenda kuliko nyimbo zote. Unaeleza mtu wa kuitwa mcha Mungu kuwa ni yule anayeyajua maumivu ya mwenzake.

Lakini kisa alichokipenda mzee wangu ni cha Kunvarbai, binti wa mshairi. Kwa mila za kwao, binti akibeba mimba ya kwanza, baba yake anapeleka zawadi kwa wakwe. Narsinh hakuwa na kitu. Wakwe walijua, wakamwandikia orodha ndefu makusudi ili wamcheke mbele ya ukweni. Yeye akaenda na zeze lake na wacha Mungu wenzake, akakaa, akaimba. Masimulizi yanasema Krishna mwenyewe alikuja kwa sura ya mfanyabiashara akatoa kila kilichoandikwa kwenye orodha, na zaidi. "Mimi nimeoza mabinti watatu," mzee akaniambia, "kile kisa nakijua kwa tumbo."

Nilisafiri kwa basi mpaka Mwanza, kwa ndege mpaka Dar es Salaam na Mumbai, kisha treni ya usiku kucha mpaka Rajkot.

Mdogo wangu alinipokea stesheni. Alikuwa amekonda, na alikuwa na kovu jipya juu ya nyusi. Chumba chake kilikuwa na vitanda vitatu, viwili havina magodoro. Vitabu vilikuwa vimepangwa, dawa zimepangwa, nguo zimepangwa. Ni chumba cha mtu ambaye hatoki. Mwenye nyumba ni bibi mmoja ambaye wote wanamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na ndiye aliyekuwa akimpandishia chakula tangu wenzake wahame.

"Dada, umekuja kunichukua," akaniambia. Hakuuliza.

Nikamjibu kwamba nimekuja kumwangalia kwanza.

Kesho yake tukaenda wote kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu. Kipimo cha ubongo hakikuonesha kitu. Daktari alimuuliza kama nyumbani kwao wanakula nyama ya nguruwe, na swali hilo nalijua, maana nimeshaliandikia makala: mayai ya tegu la nguruwe yakiingia mwilini kwa chakula au maji machafu yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa, na kwetu kitimoto inachomwa kila kona huku nguruwe wakizurura. Kwake haikuwa hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wagonjwa wa kifafa chanzo chao hakijulikani. Shirika hilo hilo linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana ugonjwa huu, na hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa mapema na kupata dawa sahihi. Ameanzishiwa karbamazepini, dozi inapandishwa kidogo kidogo. Asikeshe, asiruke dozi, asiogelee peke yake, asipande sehemu za juu zisizo na kinga, asiendeshe pikipiki. Basi.

Likizo fupi ilikuwa imeanza. Nikamwambia nina kazi ya mzee wa vipuri huko Junagadh na lugha siijui, kwa hiyo lazima anisindikize. Alinitazama kwa muda. Alikuwa hajapanda basi tangu Novemba.

Njia ya kwenda Junagadh ni pamba. Gujarat ni kati ya majimbo yanayoongoza kwa pamba India, kama Simiyu inavyoongoza Tanzania, na kila mtu wa kwetu akipita pale moyo utamcheza. Ilikuwa Januari. Kwetu mwezi huo watu wako kwenye palizi, mche haujafika magotini; kule walikuwa wanavuna, matrekta yamebeba mizigo ya pamba iliyovimba mpaka inakwangua matawi ya miti barabarani. Mdogo wangu alihesabu matrekta mpaka 31, akasinzia begani kwangu.

Narsinh Mehta no Choro si mahali pakubwa. Mtu aliyezoea picha za mahekalu ya India anaweza kupita asijue. Ni ua katikati ya mji, una kibaraza cha duara ambapo inasemekana mshairi alikaa na watu wake wakaimba usiku kucha, na hekalu dogo, na sanamu yake. Wanawake watatu walikuwa wamekaa chini wakiimba kwa sauti ndogo na kupiga matoazi. Mama mmoja alikuwa anafagia.

Kijana anayeangalia mahali pale alitueleza kwa Kiingereza cha kuungaunga kilichochanganyika na Kigujarati, mdogo wangu akitafsiri. Narsinh alikuwa wa tabaka la juu, Wabrahmini wa Nagar. Siku moja watu wa tabaka la chini kabisa, wale ambao hata kivuli chao kilihesabiwa najisi, walimwomba aende kwao akaimbe. Akaenda. Akaimba kwao usiku kucha, akala kwao. Asubuhi watu wa tabaka lake wakamtenga. Hakubadilika, aliendelea kwenda. Jina Harijan, watu wa Mungu, alilolieneza Gandhi karne ya 20 kwa ajili ya watu hao, linatokana na nyimbo zake. Wenyewe wengi siku hizi wanajiita Wadalit na hilo jina la Harijan hawalitaki. Wanaona ni la kuwahurumia. Kijana alituambia hilo pia, nikamheshimu kwa kutolificha.

Mdogo wangu alikuwa katikati ya sentensi, anatafsiri. Akanyamaza. Nikamtazama, nikaona macho yamekwenda upande mmoja, nikajua.

Nimeandika makala nne za kifafa. Nimekaa na wauguzi, nimenakili maelekezo, nimeyachapisha kwenye kisanduku chini ya habari. Kuyatenda kwa mtoto niliyembeba mgongoni ni kitu kingine. Nilimshika kabla kichwa hakijagonga jiwe, nikamlaza, nikamgeuza ubavu, nikalegeza kola, nikaangalia saa. Mkono mmoja niliuweka begani kwake, bila kumkandamiza, maana kumkandamiza mtu anayetetemeka ni kumuumiza. Sekunde 10. Sekunde 20.

Nikasikia miguu. Nikajiandaa kwa kile ninachokijua. Kwetu mtu akianguka kifafa watu wanafanya duara, na duara linakua pana kila povu linapotoka, kwa sababu wanaamini likikugusa umekwisha. Nimewahi kuhojiana na mama wa Maswa ambaye binti yake aliungua mkono mpaka kwenye mfupa kwa sababu aliangukia motoni na wifi zake wawili waliokuwa wanapika naye walirudi nyuma.

Hawa hawakukimbia, walikimbilia. Mwanamume mmoja alifika wa kwanza, akavua kandambili, akaisukuma puani kwa mdogo wangu.

Ndiyo, kandambili. Baadaye nilikuja kuelezwa kuwa India watu wengi wanaamini harufu ya kiatu inamzindua mtu wa kifafa. Haisaidii hata kidogo, na mtu anaweza kuumia. Nikaishika ile kandambili, nikaisogeza pembeni, nikatikisa kichwa. Alielewa. Hakununa, akapiga magoti upande wa pili, akazuia jua kwa mwili wake. Yule mama aliyekuwa anafagia akavua mtandio wake, akaukunja, akauingiza chini ya kichwa cha mdogo wangu. Povu likalowesha mtandio. Akapangusa kwa ncha nyingine, kama mtu anavyompangusa mtoto aliyecheua.

Dakika moja na sekunde 50. Zingefika dakika tano ningetafuta gari la hospitali.

Wale wanawake watatu hawakuacha kuimba. Sijui kama ni makusudi au walikuwa hawajaona. Mdogo wangu alipofumbua macho hicho ndicho kitu cha kwanza alichosikia, akaniuliza kwa Kisukuma tuko wapi. Suruali yake ilikuwa imelowa. Yule mwanamume wa kandambili akaondoka, akarudi na kikoi cha kwao na chai ya maziwa vikombe vitatu. Hakuna aliyetoa simu. Niliangalia hilo kwa makini, ni kazi yangu kuangalia, na hakuna aliyetoa.

Sitaki msomaji afikiri kwamba watu wa kule ni malaika. Wale vijana waliohama chumba walikuwa Watanzania wenzetu, lakini kule darasani walikuwapo Wahindi pia, na walicheka. Matabaka bado yapo. Ukisoma magazeti yao utaona watu wanapigwa kwa kuchota maji kwenye kisima kisicho chao. Na sisi tuna yetu. Mkoa wetu na mikoa jirani imezika vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe waliyopikia wajukuu wa hao hao waliowaua. Ninachosema ni kwamba mahali pale, kwenye ua ule, kuna watu wamelelewa na hadithi ya mtu aliyekwenda kukaa na wasioguswa, na nadhani hadithi ukiisikia tangu utotoni inakaa mikononi. Sina utafiti wa kuthibitisha. Nina ule mtandio.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Mdogo wangu alilala saa 14. Nilitegemea asubuhi ataomba turudi Rajkot. Aliamka, akameza dawa yake, akaniambia, "Dada, picha ya mzee hatujapiga." Tukarudi pale chorani. Yule mama alikuwa anafagia. Mdogo wangu alimrudishia mtandio aliokuwa ameufua usiku kwa sabuni ya kuogea, nikampiga picha akiwa amekaa kwenye kibaraza, mguu mmoja chini ya mwingine, kama mtu wa kwao.

Kutoka hapo tulichukua bajaji kuelekea mlima Girnar. Njiani kuna nyumba ndogo iliyojengwa juu ya jiwe moja. Jiwe lenyewe lina ukubwa wa kama mapipa kadhaa yaliyorundikwa, na limeandikwa pande zake. Ni amri 14 za Mfalme Ashoka, zilizochongwa katikati ya karne ya 3 kabla ya Kristo kwa maandishi ya Brahmi, ambayo watu walikuja kuyasahau kabisa mpaka Mwingereza James Prinsep alipoyafumbua mwaka 1837.

Ningeweza kukaa pale siku nzima. Amri ya pili, ndugu msomaji, ni habari ya afya. Mfalme anatangaza kwamba katika nchi yake na nchi za jirani zake ameweka matibabu ya aina mbili, ya watu na ya wanyama. Mahali ambapo mitishamba ya dawa haipatikani imeletwa na kupandwa. Na kando ya barabara vimechimbwa visima na kupandwa miti. Miaka zaidi ya 2,200 iliyopita. Mdogo wangu alisoma tafsiri iliyobandikwa ukutani mara mbili, akasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba huo ni mnyororo wa ugavi wa dawa. Nilicheka mpaka mlinzi akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema kama mfamasia tangu nifike.

Jiwe hilo hilo lina maandishi mengine ya mwaka wa 150 hivi, ya mtawala Rudradaman, yanayosimulia jinsi bwawa la Sudarshana lilivyopasuliwa na dhoruba na yeye akalijenga upya kwa fedha za hazina yake bila kuwatoza watu kodi. Na mengine ya karne ya 5, bwawa limepasuka tena na limetengenezwa tena. Mtu wa Simiyu anayesubiri maji ya Ziwa Victoria yafike kwenye bomba la kijiji chake anaweza kuyasoma maandishi haya kwa uchungu kidogo, au kwa matumaini.

Mbele kidogo ni Damodar Kund, bwawa la ngazi ambako Narsinh alikuwa akioga alfajiri. Tulinawa mikono tu. Kwenye ngome ya Uparkot, ndani ya mji, tulishuka kwenye Adi Kadi Vav, kisima kilichochongwa kwenye mwamba mtupu kwa ngazi nyembamba iliyonyooka kwenda chini kama unaingia kaburini. Wanasimulia kwamba maji hayakutoka mpaka wasichana wawili, Adi na Kadi, walipotolewa kafara. Kwetu pia kuna visa vya namna hiyo, na kila mara ni wasichana. Sikukaa sana.

Girnar yenyewe ndipo tulipogombana. Mlima una ngazi karibu 10,000 za mawe, zinapita mahekalu ya Wajaini na ya Wahindu mpaka kileleni, na mdogo wangu alitaka kuzipanda. Nikamkumbusha daktari alichosema. Akanijibu kwa Kisukuma neno ambalo sitaliandika, kisha akasema, "Mmekuja wote kunihesabia. Video inahesabu sekunde, na wewe unahesabu sekunde."

Mahujaji walitupita. Bibi mmoja mwenye fimbo, peku, alitupita.

Mwaka 2020 walifungua vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kutoka chini mpaka hekalu la Amba Mata, zaidi ya kilomita mbili. Tulikubaliana hivi: tupande kwa waya, na kule juu atembee ngazi mpaka atakapochoka mwenyewe, mimi nikiwa nyuma yake ngazi mbili, bila saa. Niliivua nikaitia kwenye pochi. Alitembea kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa mkali, na chini mashamba yalikuwa yameenea mpaka macho yanaposhindwa.

Siku ya tatu tulikwenda kusini, Jambur, pembeni mwa msitu wa Gir. Msitu huo na maeneo yanayouzunguka ndiko pekee duniani kwenye simba wa Asia wanaoishi porini. Hesabu ya mwaka 2025 iliwapata 891. Sisi ambao ng'ombe wetu wanalala wakisikiliza Serengeti hatukwenda kwa ajili ya simba. Tulikwenda kwa ajili ya watu. Jambur ni kijiji cha Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao walivuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari, na baadhi walitumikia Nawabu wa Junagadh. Wanaongea Kigujarati. Ni Waislamu. Nilishuka kwenye basi nikaona shangazi zangu wamevaa sari.

Ngoma yao wanaiita goma. Sihitaji kukueleza neno hilo lilitoka wapi. Mzee mmoja aliyetukaribisha uani kwake aligonga ngoma yenye miguu kidogo tu, kutuonesha, na watoto wakaanza kucheza hapo hapo. Kwa Wasidi goma si burudani pekee. Wana walii wao, Bava Gor, ambaye kaburi lake liko Ratanpur, na watu wenye matatizo ya akili na mapepo hupelekwa huko kuombewa, Waislamu kwa Wahindu. Mdogo wangu alinitazama, nikajua anamfikiria yule mtu wa Itilima.

Nikamuuliza yule mzee, kwa kupitia kwake, mgonjwa wa kifafa wanampeleka wapi. Akajibu bila kusita: kwa Bava Gor, na hospitali ya serikali. Vyote viwili. Na dawa anakunywa? Akashangaa swali. Dawa lazima anywe, akasema, walii hauzi vidonge.

Hapo Jambur ndipo nyumbani kwa Hirbaiben Lobi, mwanamke wa Kisidi aliyewainua wanawake wenzake kwa vikundi vya kazi na akiba mpaka serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri mwaka 2023. Hatukumkuta. Lakini habari zake utazisikia kwa kila mwanamke unayemsalimia.

Nilimpigia baba jioni ile. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo kwetu ng'ombe walikuwa ndio wanaingia zizini, nikawasikia. Nilimweleza yote: kipimo, dozi, kuanguka pale uani, mtandio, kandambili. Kwenye kandambili alicheka, kisha akanyamaza. Nikamwambia, "Baba, mtoto amebakiza mwaka mmoja. Naomba abaki amalize." Ni sentensi ambayo sikuthubutu kuisema kikaoni.

Baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza maswali matatu. Nani anakaa naye usiku? Nikamtajia Ba, ambaye alikuwa ameshapanga kumhamishia chumba cha chini, jirani na cha kwake. Akipanda basi peke yake? Nikamwambia anavaa bangili yenye jina la ugonjwa na namba ya simu. Swali la tatu aliliuliza baada ya kukohoa.

"Hizo dawa zake zinauzwa Bariadi?"

Nikamwambia zinauzwa.

"Basi mwambie ule mwezi wa likizo aje nazo zake, asije akatusumbua kutafuta."

Mtu wa Itilima hakurudishiwa kishika uchumba alichopewa, mbuzi mmoja, na baba wadogo mpaka leo wananisalimia kwa mkato.

Picha ya mzee wa vipuri niliichapisha Mwanza, ukubwa wa karatasi ya daftari. Aliishika kwa mikono miwili. Aliangalia kwanza kibaraza, sanamu, mlango wa hekalu, akitaja kila kitu kwa jina kama mtu aliyekuwa huko jana. Kisha akaweka kidole kwa kijana aliyekaa.

"Huyu ndiye wa ile video?"

Video ilikuwa imemfikia na yeye. Nikaitikia.

Ameitundika juu ya droo ya pesa, kati ya kalenda na leseni ya biashara. Mteja akiuliza yule kijana ni nani, anajibiwa kwa Kisukuma kwamba ni mfamasia, mtoto wa jirani, anamaliza mwakani, na kama una cheti cha dawa kimekushinda kusoma, msubiri.